Fungu la Nakisige

Kabla ya kuingia kwenye mashine ya picha hospitalini, Twaibah aliambiwa avue kila kitu cha chuma au dhahabu. Alivua bangili zake, akaziweka mapajani mwa Nakisige, mke mwenzake, ambaye alizipima kwa jicho papo hapo. Zilikuwa nyembamba kama zake. Afadhali.

"Nitunzie, dada," alisema Twaibah, na mlango mzito ukafungwa nyuma yake.

Miaka yote ya ndoa yao Nakisige alisimamia jambo moja bila kuchoka: usawa. Sulait, mume wao, akimnunulia Twaibah kitenge kule Jinja, Nakisige naye alipata chake Mbale wiki hiyohiyo, akakinyoosha kwa mkono kuhakikisha hakupunjwa. Zamu za kulala nazo hazikuchezewa. Kisha saratani ya mlango wa kizazi ikamshika Twaibah, na mpango wote ukavurugika. Sulait alihamia kwa mke mdogo, mtaani Nalufenya huko Jinja. Alimpeleka kwenye mionzi, akampikia uji, yeye ambaye Mbale hakujua hata sufuria zinakaa wapi. Nakisige alimwonea wivu mgonjwa. Alijua ni aibu, na kujua hakukumpunguzia kitu. Kwa hiyo leo, Sulait alipokwama na mzigo mpakani, Nakisige alijitolea kumsindikiza Twaibah. Alitaka kuuona kwa macho yake ugonjwa uliomnyang'anya mume.

Baadaye Daktari Semei aliwaonyesha picha mbili kwenye kioo cha kompyuta.

"Hizi hazionyeshi ukubwa tu," alisema. "Zinaonyesha damu inavyopita ndani ya uvimbe. Hii ni ya kabla ya mionzi. Wekundu huu wote ni damu nyingi, uvimbe unakula na kushiba. Na hii ni ya leo."

Ya leo ilikuwa ya buluu, na wekundu kidogo tu pembeni. Uvimbe ulikuwa palepale, karibu ukubwa uleule, ila umeanza kukosa chakula.

"Matibabu yanafanya kazi. Tutaendelea."

Twaibah alilia. Nakisige alimpigapiga mgongoni, huku moyoni akijiuliza kama sasa Sulait angerudi Mbale. Swali lilimchoma kwa ubaya wake, lakini hakulifukuza.

Nesi Naigaga, aliyekuwa akimtoa Twaibah sindano mkononi, aliwatazama kwa zamu.

"Nyinyi bwana yenu ni moja, si ndiyo?"

"Ndiyo," Nakisige alijibu, kwa fahari kidogo.

"Virusi vya ugonjwa huu, watu wanapeana kwa kulala pamoja. Wewe, mama, walishakupima?"

Kila kilichofika Nalufenya kilifika pia Mbale. Yeye mwenyewe ndiye aliyehakikisha.

"Wanapima hapo chumba cha pili," nesi alisema taratibu. "Si kitu ya muda mrefu."

Twaibah alifuta machozi, akasogea kwenye benchi. "Nenda, dada. Mimi nitakungoja."

Nakisige alimrudishia bangili zake. Kisha akaanza kuvua za kwake.

"Hizo si lazima, mama," alisema nesi.

Lakini alikwisha kuzivua. Aliziweka mapajani mwa Twaibah, zikachanganyika na zile nyingine, naye akaelekea chumba cha pili bila kutazama zipi ni za nani.