Kaa wa Ghuba Ndogo Wataja Mama Zao

Mpima vinasaba alikuwa akikata ncha ya mguu wa kaa, kazi yake ya kila asubuhi, kaa yule alipoanza kumtaja mama yake, na mama wa mama yake, akapanda hivyohivyo bila kusitasita. Mpima aliweka mkasi chini. Si adabu kumkatiza anayetaja ukoo wake.

Katika maabara ile kaa wote hutiwa beseni moja, kwa sababu mkurugenzi alishasema kaa ni kaa tu. Basi wale wa ghuba ndogo wakajitenga upande wao, wakaendeleza majina. Wa bandarini nao wakataja ya kwao, na hakuna bibi hata mmoja aliyetajwa na pande zote mbili. Jioni mashine ya kusoma vinasaba ikatoa majibu yaleyale. Ukoo wa ghuba ndogo haukuonekana kwingine kokote, na ndani yake mlikuwa na matawi chungu nzima.

Mpima alitembea kifua mbele. Alizaliwa ukingoni mwa ghuba ile, na shuleni walimwita mtoto wa matope mpaka akachoka kulia. Alimpigia simu mama yake, mchokoa kaa mashimoni, naye akaja na viatu vyake vya harusini. Alisikiliza beseni mpaka mwisho, kisha akawajibu kaa kwa kuwatajia mama zake yeye. Kaa walitulia wakamsikiliza.

Mkurugenzi aliitwa. Alikuwa ameidhinisha ghuba ijazwe mchanga, zijengwe maghala, akiandika kwamba kaa wakifa watakuja wengine kutoka bandarini. Aliwaamkia kaa kwa heshima, akainama kusikia vizuri.

"Hao wa bandarini hawatakuja kuwa sisi," kaa mmoja alimwambia.

"Nimekuelewa kabisa, bibi," alisema mkurugenzi. "Lakini sahihi imeshatoka."

Malori yalifika ghubani Jumatatu. Kaa walikuwa wametoka mashimoni, wamejipanga ukingoni, wanataja. Madereva walizima injini, wakavua kofia, wakangoja jina la mwisho. Mpima alikuwa amesimama pale na mama yake. Machozi yalimtoka, lakini hakuinamisha kichwa.

"Na wewe, mwanangu," mama alisema. "Taja."

Akataja, kwa sauti ya kujivunia, akianza na mama aliyemshika mkono. Dereva wa mbele alimsubiri mpaka akamaliza. Kisha akamwaga mchanga.