Niombee Nusu

Kila Alhamisi, pikapu ziliporudi kutoka machimboni saa tisa alasiri, Mama Bishara alitandika gunia la unga mbele ya kiti cha maombi, na juu ya gunia akaweka beseni la bati. Gunia lilikuwa la kulinda sakafu. Jiwe la kwanza lilivunja vigae viwili, na mumewe, mwinjilisti Labib, alizunguka soko lote la Minya asipate tena vigae vya rangi ile.

Alhamisi moja ya Amshiri, mwezi wa baridi na pepo katika kalenda ya Wakopti, upepo ukivuma tangu asubuhi, wa kwanza kuketi alikuwa Abdulmughni, mkata mawe. Mara ya kwanza alipokuja alikaa karibu na mlango, kwa kuwa yeye ni Muislamu na chumba kilikuwa na msalaba ukutani. Hii ilikuwa mara yake ya tatu, akaenda moja kwa moja kitini.

"Nivue viatu, Baba Bishara?"

"Vua shali tu. Mungu hana shida na viatu vyako."

"Mke wangu anayo."

Walicheka wale walioweza kucheka bila kukohoa.

Labib alimwekea mkono wa kushoto kifuani. Mkono huo ulikuwa na kidole gumba na kidole cha mwisho. Vitatu vya katikati vilibaki chimboni. Aliomba kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani juu ya ukuta. Abdulmughni aliinama, akakohoa mara tatu, na kinywani mwake likatoka tofali la jiwe jeupe, kavu, lenye pembe nne, ukubwa wa mkate wa jua, ule unaoumuliwa juani. Lilianguka ndani ya beseni. Akapangusa midomo, akavuta pumzi mpaka ikafika tumboni, akapewa chai.

Mzee mmoja alilipindua lile jiwe kwa fimbo yake. "Daraja la kwanza," alisema. "Halina ufa."

Labib mwenyewe alikata mawe miaka minane katika mlima mweupe wa machimbo, mashariki ya Nili. Siku msumeno namba tatu ulipomla vidole, alilala chali kwenye unga wa chokaa akasikia mtu akimwita kwa jina, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Alipotoka hospitali alianza kuhubiri. Alihubiri amesimama nyuma ya pikapu, mkono mzima umeshika chuma, watu wakimzomea na kumgawia vitunguu. Uponyaji ulikuja mwaka wa tatu. Wakata mawe wa mlima ule walikuwa na desturi ya kufa kifua wakiwa na miaka thelathini na kitu, na sasa waliacha. Vidole vyake aliviombea kila asubuhi kabla ya kifungua kinywa. Havikurudi, naye hakulalamika.

Mawe yaliyotoka vifuani aliyapanga nyuma ya nyumba. Chumba cha maombi kilikuwa kidogo, wanawake walisali barazani, naye aliamini kwamba Bwana amechagua njia hiyo ya kumletea kanisa. Rundo lilipofika kimo cha kifua, alikuja Bwana Zahir Gayid, mwenye machimbo. Alikuwa muumini. Viti vya plastiki na feni ya chumba kile vilikuwa zawadi yake.

"Ndugu Labib, mawe haya yametoka wapi?"

"Vifuani mwa watu."

"Na kabla ya vifuani?"

Labib alitazama nje. Jibu lilionekana dirishani, jeupe, limekatwa ngazi ngazi mpaka juu.

"Wewe humtozi mtu kwa maombi," alisema Bwana Zahir.

"Nilipewa bure. Natoa bure."

"Basi cha bure ni maombi. Jiwe ni langu."

Labib alilitafuta kosa katika maneno hayo mpaka Jumamosi. Jumamosi likaja lori, na waliolipakia walikuwa walewale waliopona, wanaume wenye pumzi, wakirushiana mawe kama matikiti. Bwana Zahir alikuwa anajenga ukumbi wa wageni.

Tangu hapo Shihata, nyapara wa machimbo, alipata njia nyepesi ya kufanya kazi yake. Zamani mkata mawe akianza kukohoa aliondolewa kwenye msumeno akapewa kulinda tangi la maji, kivulini, mpaka alipokufa. Sasa aliambiwa, "Nenda kwa mwinjilisti, uniletee jiwe lako." Aliyeleta jiwe alirudi msumenoni siku hiyohiyo. Wake zao walifurahi kwa muda. Lakini misumeno haikuwa na vifuniko, nyaya zilipita juu ya maji, na mtu aliyekuwa akikaa nazo miaka sita alikaa nazo kumi na miwili. Kila mwaka wa nyongeza ulimpunguza mahali fulani.

Jioni ya Jumatano moja, Ayad, mdogo wake Labib, alishuka ngazi kutoka ghorofa ya juu alikoishi na mkewe na binti zake watatu. Ilimchukua muda mrefu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya bilinganya. Alikaa, akasubiri pumzi impate.

"Kesho nitakuja, kaka."

"Kiti kipo."

"Nataka uniombee nusu."

Labib aliweka glasi ya chai chini. "Nusu ya nini?"

"Nusu ya pumzi. Ya kunipandisha ngazi hii nikisimama mara moja katikati. Ya kulindia tangi. Isitoshe msumeno."

"Mungu haponyi nusu, Ayad."

"Umemuuliza?"

"Chunga mdomo."

"Nauliza tu, wewe ndiye unayeongea naye. Vidole umemwomba miaka kumi na minne hajakupa hata ukucha. Kwa hiyo kutofanya anajua. Mwambie na kwangu asifanye kidogo."

Mama Bishara, aliyekuwa akichambua dengu mlangoni, aliinamisha uso kwenye sinia.

"Si uache kazi," alisema Labib.

"Niende wapi? Upande huu wa mto kuna mlima na kuna makaburi. Mzima anapewa msumeno, mgonjwa kabisa anapewa sanda. Nusu mgonjwa anapewa tangi. Na wananipeleka namba tatu, kaka. Ule umeshaonja ukoo wetu."

Labib alitazama mkono wake. "Nitajaribu," alisema.

Kesho yake chumba kilijaa. Ayad alipoketi, Labib alimwekea mkono, na chini ya kiganja kifua kilikuwa kama gunia la kokoto. Alikuwa amekusudia kuanza kama kawaida na kuinua mkono katikati. Alianza. Alisikia jiwe likiachia mbavu, likapanda. Ayad alimtazama kwa macho yaliyotoka, hahemi, na alitikisa kichwa kidogo, maana yake hapo, hapo inatosha. Labib hakujua kama hapo ndipo nusu ilipo au ndipo koo linapozibwa. Tena watu walikuwa wanatazama, na maishani mwake hakuwahi kuacha ombi njiani. Akasema amina.

Jiwe lililotoka lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyowahi kuanguka chumbani humo. Beseni lilipasuka.

Ayad alihema, na pazia la dirishani likasogea. Alilitazama jiwe.

"Mkono wako mzuri, kaka," alisema. "Hongera."

Kulificha kusingewezekana, chumba kizima kilikuwa kimeliona. Alilibeba begani mwenyewe, bila kusimama njiani, akampelekea nyapara.

Siku ya kumi na moja tangu arudi msumenoni kulikuwa na umande, na msumeno namba tatu ukamvuta Ayad shali. Labib aliitwa. Alipiga magoti kwenye unga mweupe, msumeno umezimwa kwa mara ya kwanza wiki hiyo, akaomba ombi zima toka mwanzo mpaka amina, mara mbili. Wanaume walisimama wakisubiri. Ayad hakuamka. Daktari aliyeandika cheti cha kifo alisema hajapata kuona mapafu safi kama yale kwa mkata mawe, kama ya mtu aliyezaliwa shambani. Bwana Zahir aligharimia jeneza na kahawa ya matanga, akaketi mstari wa mbele, akalia machozi ya kweli. Siku iliyofuata Abdulmughni alihamishiwa namba tatu.

Ukumbi wa wageni ulikamilika mwezi wa Bashansi, joto likianza. Wiki ya pili ukuta wa kaskazini ulianza kukohoa. Ulikohoa mchana, saa ya usingizi, mara mbili fupi na moja ndefu. Fundi alisema ni chokaa inakaa sawa. Walipaka plasta, ukakohoa ndani ya plasta. Bwana Zahir akamtumia mwinjilisti gari.

"Niombee ukuta, ndugu yangu. Wageni wanamwaga kahawa."

Labib alivua viatu, akaenda moja kwa moja kwenye safu ya tatu kutoka chini, mahali jiwe moja lilipovimbisha plasta kwa ukubwa wake. Mbili fupi na moja ndefu. Kikohozi hicho alikuwa amekisikia juu ya dari yake, kwa Ayad, miaka mingi. Aliweka mkono, akaomba kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani. Safari hii alijua nusu ilipo, kama mtu anavyojua kidato kibovu cha ngazi ya kwake. Alipofika hapo aliinua mkono, wala hakusema amina.

Kikohozi kilikoma. Ilibaki pumzi, ikiingia na kutoka taratibu, pumzi ya mtu anayepanda ngazi akisimama mara moja katikati.

Bwana Zahir alitega sikio. "Bado unahema."

"Ndiyo."

"Huwezi kumalizia?"

"Hiyo ndiyo nusu."

Bwana Zahir alirudi akaketi kwenye kiti cha katikati, akasikiliza. Hapo haikusikika. "Inatosha," alisema, akaagiza sinia ya kahawa ihamishwe upande wa pili.

Nyuma ya ukuta huo kuna barabara. Siku za Ijumaa mjane wa Ayad hukaa hapo na binti zake, migongo imeegemea plasta, wanakula mkate na asali nyeusi ya miwa. Hakuna anayewafukuza, kwa kuwa barabara ni ya wote.

Alhamisi Mama Bishara alitandika gunia. Beseni lilikuwa jipya, la plastiki nene. Wa kwanza alikuwa Abdulmughni. Kwenye kiti cha mwisho, karibu na mlango, alikaa nyapara Shihata, ambaye siku hizi alikuja mwenyewe kuchukua mawe ili yasichelewe.

Abdulmughni alimwinamia mwinjilisti sikioni. "Ile ya ukuta, Baba Bishara," alisema. "Na mimi."

Labib alimwekea mkono, akaomba, akauinua alipofika kwenye nusu. Likaanguka nusu ya tofali, upande mmoja umekatika kama mkate uliomegwa. Abdulmughni alivuta pumzi ikaishia kifuani, akatabasamu.

Nyapara alikuja, akaokota kile kipande, akakipimapima mkononi. Akamtazama Abdulmughni anavyohema.

"Itatosha msumeno," alisema. "Kesho saa kumi na moja alfajiri, pikapu."