Nguzo Iliyosimama Kichwa Chini

Mume wangu Sukardan alikuwa mtu wa Jepara. Alikuja kwetu Rembang, kwenye mashamba ya chumvi, akiwa kijana, akanioa, na kwao hakupenda kupataja. Mapafu yalipomshinda ndipo alipotaka kurudi nyumba ya baba yake. Mwenyezi Mungu alimchukua humo, kitandani, kando ya nguzo ya katikati. Hatukujaliwa mtoto. Nikabaki mimi na nyumba.

Baada ya mazishi nilianza kumsikia. Ilikuwa mchana kweupe, jua linapopiga vigae: kikohozi kimoja kikavu, kimya, kisha viwili vifupi. Kilitoka kwenye nguzo. Nilisoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Siku zilivyokwenda nikawa naisoma chinichini, nisije nikamfukuza.

Watu hawakuingia kwangu. Hitima ya arobaini walikuja wazee watatu, wakasomea barazani, wakaondoka bila kugusa wali. Niliona aibu kwa ajili ya marehemu. Nikaweka nia moja tu: hitima ya mwaka isomwe ndani, nyumba imejaa.

Basi eda ilipokwisha nilikwenda karakana ya samani ya Mzee Kasmidi, kwa wanawake wanaopiga msasa. Mti wa msaji una vumbi kali, nilipiga chafya asubuhi nzima.

"Mpeni nafasi mtu wa chumvi," alisema Ngatirah, mkubwa wao. "Akipiga chafya kabati litapata ladha."

Walicheka, nikacheka nao. Lakini jioni nikiwaambia, "Piteni kwangu chai," kila mmoja alikumbuka chungu chake jikoni.

Siku moja niliambiwa nisimamishe ubao ukutani. Nikasimamisha. Karakana nzima ikanyamaza, hata patasi.

"We mama we!" Ngatirah akapiga kelele. "Umeusimamisha kichwa chini!"

"Ubao una kichwa?"

"Mti ulikuwa na mizizi, hauna kichwa? Shina hukaa chini, ncha juu, kama Mungu alivyouotesha. Ukipinduliwa hautulii."

Mzee Kasmidi hakunifokea. Alichukua kidole changu akakipitisha juu ya jicho la mti, pale tawi lilipotokea. "Tawi huelekea juu siku zote, mwanangu. Macho ya mtu hudanganywa na rangi. Kidole hakidanganywi."

Nikarudi nyumbani. Nguzo ya katikati ina macho manne. Niliyapapasa moja moja. Yote yalielekea sakafuni.

Kesho yake niliketi mbele ya Ngatirah. "Mlijua."

Aliendelea kupiga msasa. "Kijiji kizima kinajua. Baba mkwe wako aliisimamisha nguzo ile mvua ikiwa karibu, haraka haraka. Akafa. Akafa mdogo wake. Sukardan akakimbia. Tungekuambia nini, na ulikuwa ndiyo kwanza umejitanda kanga ya eda?"

"Kufa ni amri ya Mungu, Ngatirah."

"Na kinga pia ni amri yake. Mvua ikinyesha hutafuti pa kujificha?" Kisha akashusha sauti. "Anakohoa, sivyo? Wanaopita mchana wamesikia. Mtu amening'inizwa kichwa chini, damu imemjaa kifuani, atafanyaje?"

Mwanamke mwingine alicheka, kisha akaziba mdomo.

Mzee Kasmidi alikuwa amesikia. "Tutaigeuza," alisema. "Wewe ni wa karakana sasa, huna la kulipa. Hitima yako itajaa watu. Ila ujue, mwanangu, yaliyoshikwa na nguzo ile yataachiwa. Ukituambia tuiache, tutaiacha, na hatutakulaumu."

Nilirudi nikakaa chini ya nguzo mchana kutwa. Akakohoa. Nilimwambia, "Mume wangu, nikikuweka hapa ni kwa faida yangu. Huko uliko unahitaji dua, na mimi mmoja sitoshi." Nililia, nikatawadha, nikaenda kumwambia Mzee Kasmidi ndiyo.

Walikuja wanaume wa karakana na jeki na kamba, wakainua paa kidogo. Wanawake walipika uani. Kabla hawajaivuta waliniita. Niliweka kiganja kwenye mti, nikasema bismillahi, nikatoka nje. Nilisikia ikitoka mahali pake, mlio mrefu kama wa mtu aliyebana pumzi muda mrefu. Ngatirah alinishika mkono na hakusema mzaha.

Hitima ya mwaka ilisomwa ndani. Watu walibanana mpaka mlangoni, amina zikatikisa vigae, na kila mtu aliondoka na wali wake kwenye jani la msaji. Ngatirah aliketi akiegemea nguzo yenyewe, sasa imesimama sawa, miguu kaikunjua kama yuko kwao. Nilimshukuru Mungu, nami namaanisha. Sala zimemfikia mume wangu.

"Bado anakohoa?" waliniuliza karakana.

"Hapana."

"Alhamdulillahi!"

Nami nikasema alhamdulillahi, nikainamia msasa wangu.

Nyumba sasa imetulia kabisa. Jua hupiga vigae na hakuna kitu. Ila mchana, saa ile aliyokuwa akikohoa, siufungi mlango wa mbele, hata nikiwa peke yangu, hata vumbi likiingia. Ngatirah akipita husema, "Umekuwa mwenyeji sasa, mtu wa chumvi, unatuachia mlango wazi."

Namwambia karibu. Wala simwambii kwamba simwachii yeye.