Moto Uliomkataa Rahab

Asubuhi ya Jumatatu, Rahab alikwaruza njiti saba za kiberiti, na zote zikazimika kabla hazijafika kwenye jiko. Ya nane alimpa jirani yake Jepkorir, ikawaka bila shida. Wakanywa chai, kila mmoja akashika njia ya kazini.

Kwa miaka tisa Rahab alikuwa akichana sponji za makochi makuukuu ya ng'ambo katika karakana ya Mzee Gathogo, mjini Kitale. Sponji hizo zilitiwa dawa ya kuzuia moto huko zilikotengenezwa. Vumbi lake lilimjaa puani na kwenye nyusi. Binti yake Ciru, wa miezi mitano, alilala pale pale juu ya gunia la vipande.

"Hiyo ni baraka, Mama Ciru," alisema Gathogo aliposikia habari za njiti. "Kaa hapo mlangoni wateja wakuone, wajue hapa moto hauingii."

Soko moja upande wa Bungoma lilipoungua, gari la zimamoto lilifika kwa wakati, likiwa limesahau maji. Rahab akaletwa na Gathogo. Alipita katikati ya vibanda kwa mwendo wa kawaida, na moto ukanywea kila alipokanyaga. Alipewa cheti na soda.

Muuguzi Nakhungu, aliyekuwa akiwafunga majeruhi bandeji, alimpapasa Rahab shingo, akamuuliza kazi yake.

"Mama, hii tezi imevimba. Hiyo dawa ya sponji inaingia kwa damu. Hata kwa maziwa inapita."

"Sasa mtoto nimpe nini?"

"Nyonyesha tu, bado yanamfaa. Lakini mtoe kwa hiyo vumbi. Na wewe utoke."

Rahab alimwomba Gathogo amhamishie kwenye cherehani, au walau atoboe dirisha.

"Na moto ukija nitaita nani, bana?" Gathogo aliuliza. Alitundika cheti ukutani, mahali dirisha lingekaa.

Siku ya ubatizo wa Ciru, Rahab alisimama nje kabisa, karibu na lango la kanisa, ili asiuharibu mshumaa. Jepkorir alimbeba Ciru. Kasisi alikwaruza njiti. Ikazimika. Akakwaruza nyingine tano, kisha akaagiza tochi na kuendelea na sala. Rahab aliona vizuri kutoka langoni.

Gathogo, aliyeketi safu ya pili, alitoa utepe wa kupimia viti, akampima mtoto kutoka kisigino hadi utosini.

Jumatatu iliyofuata, gunia la Ciru, lililokatwa sawasawa na kipimo chake, lilikuwa limesogezwa mlangoni, wateja wamwone.