Msemaji wa Wafini

Tangu asubuhi Consolée alikuwa akisali rozari ili posa ile iende vizuri. Binti yake Belyse, muuguzi huko Ufini, alipata mchumba wa hukohuko, Mikko, na Consolée alisema neno moja tu: aje apose kama watu wanavyoposa. Marehemu mume wake asingekubali mtoto atolewe kimyakimya. Na kwa kuwa Wafini hawakuweza kufika Uvira, huku Kongo, posa ilipangwa kwa telefone, Jumamosi saa tisa, kwenye sebule yake mtaani Rugenge.

Telefone yenyewe ilikuwa ya Sadiki, jirani yake Mwislamu mwenye duka la vitenge mtaa wa Kasenga, maana yake ndiyo ilikuwa na kioo kikubwa. Aliiegemeza kwenye chupa ya chai, akakaa pembeni. Mbele aliketi Révérien, shemeji ya Consolée, mwalimu mstaafu wa kijiji cha Runingu na msemaji wa familia. Upande wa pili walionekana Mikko na baba yake, mzee Pentti, shingo imebanwa na tai. Belyse hakuonekana. Msichana anayeposwa hujificha mpaka aitwe, naye kwa adabu yake alijifungia chumba kingine. Kazi ya kutafsiri waliiachia telefone ya Mikko: Révérien anasema Kifaransa, telefone inasema Kifini.

Mzee Pentti akasema wamekuja kumwomba Belyse.

Révérien akakohoa, akanyoosha koti. Siku hiyo aliingojea sana. "Belyse? Hapa hatuna binti wa jina hilo. Tuko na mbuzi mbili na paka. Pengine mumekosea nyumba."

Watu sebuleni wakacheka chinichini. Kila mtu wa uwanda wa Ruzizi anajua kwamba posa huanza hivyo. Wenye binti wanakana, waposaji wanabembeleza, wanakana tena, mpaka mbavu ziume kwa kicheko.

Telefone ikatafsiri. Haikukosea hata neno moja, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mzee Pentti akawa mwekundu kama nyanya, akasema kitu kifupi, na telefone ikakitoa kwa Kifaransa kikavu: "Tunaomba msamaha kwa kuwasumbua." Kioo kikazima.

"Bameenda?" Révérien akauliza.

"Bameenda," Sadiki akajibu.

"Nimekana mara moja tu! Minye nilikuwa na maneno ya saa nzima!" Akachukua kofia yake. "Muntu anayekimbia hivi hamutaki mutoto wetu. Narudi zangu Runingu."

Consolée akaitazama ile kofia. Shemeji akivuka mlango kwa hasira, posa imekufa, na hakuna wa kuifufua. Lakini yeye alikuwa amemtazama vizuri yule mzee, akaona vidole vikihangaika na fundo la tai. Ile haikuwa dharau. Ilikuwa haya.

Telefone ikalia. Ni Belyse, kwa machozi. "Mama, mumefanya nini? Papa ya Mikko iko anavaa koti! Alipanda basi saa mbili nzima kuja hapa!"

"Mushike mukono, asitoke," Consolée akasema, kisha akamgeukia Révérien. "Shemeji, nani alikujibu?"

"Yule muzee."

"Na siku ya posa yangu, papa yenu alifungua kinywa?"

"Hapana. Alikuwa na musemaji."

"Basi. Hawa bamekuja bila musemaji, na weye ukaanza. Kosa ni letu."

Révérien akakaa, kofia mkononi. Mwalimu akikosolewa kwa kanuni anayoifundisha mwenyewe, hana pa kukimbilia. "Musemaji tutatoa wapi? Hapa nani Mufini?"

Consolée akamtazama Sadiki.

"Minye?" Sadiki akapasuka kwa kicheko. "Mama Consolée, minye niko muntu wa Kasenga!"

"Toka inje, upige hodi. Unatoka mbali."

Mzee Pentti akakalishwa tena mbele ya kioo, koti mwilini. Belyse akaruhusiwa kutafsiri akiwa nyuma ya mlango, asikike bila kuonekana. Hodi ikapigwa. Sadiki akaingia akitetemesha mabega.

"Wenyeji, tumetoka Ufini, baridi imetukata masikio. Tumesikia hapa iko ua zuri."

"Hakuna. Aliyekuwepo amekuwa sista."

"Basi tutajenga mbele ya konventi, tuimbe usiku na mchana, mpaka mukubwa wa masista achoke, atutolee!"

Sebule nzima ikacheka, na Mikko kule akacheka pia. Mzee Pentti akautazama mlango, akatazama kioo, na polepole uso wake ukafunguka. Akainua mkono kama mwanafunzi.

"Anauliza kama na yeye anaruhusiwa kubembeleza," sauti ya Belyse ikasema.

"Kupitia musemaji wake!" Révérien akanguruma, ila kofia alikwisha kuiweka chini.

"Anasema hatatoka hapa mpaka theluji iishe," Belyse akatafsiri. "Na theluji ya huku inaisha mwezi wa tano."

"Umesikia, mwalimu?" Sadiki akasema. "Tuko wabishi sisi Wafini."

Révérien akakana mara tatu tena, kila mara kwa furaha zaidi, hata akaishiwa maneno. "Haya," akasema. "Aitwe."

Belyse akatokea na kitenge chake, akapiga magoti mbele ya telefone. Vigelegele vikapanda. Consolée akasogea, akaweka kiganja juu ya kioo kumbariki, na hapo akaona kichwa cha pili kimeinama kando ya cha binti yake, kina upara. Mzee Pentti alidhani ni zamu yake pia. Consolée akasita kidogo, akatanua vidole, akawabariki wote wawili.