Mpira Uliofungwa Kwenye Nguzo

Asubuhi aliyofariki mkewe, Fundi alikuwa ameshavaa raba zake, amekaa kitandani akimngoja aje amfungie kamba. Ilikuwa siku yao ya mazoezi. Alimwita, kimya. Akamtania: "Bibi harusi, bado unajipamba?" Jikoni birika lilikuwa likichemka peke yake.

Tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kulia, seremala huyo mstaafu alikuwa akienda na mkewe ukumbi wa michezo, kwenye darasa la wazee. Zoezi lenyewe ni la wawili wawili: huyu anashika ncha hii ya mpira mrefu wa kunyumbuka, mwenzake ncha ile, wanavutana. Fundi alikuwa akishinda kila mara, na mkewe akipiga kelele ukumbi mzima usikie: "Jamani, niokoeni! Mwanamume huyu ataning'oa bega!" Wazee wanacheka, Fundi anavimba kichwa.

Ndiyo maana matanga yalipoisha na binti yake kumwambia ahamie kwake, alikataa katakata.

"Mkono umepona, mwanangu. Nyumba hii sihami."

"Haya, Baba. Twende ukumbini nikaone kwa macho yangu."

Waliwakuta wenzake wameshapangana wawili wawili. Kocha, dada mwenye filimbi shingoni, akafunga ncha moja ya mpira kwenye nguzo. Fundi akavuta. Mpira ukanyooka kidogo tu, ukamrudisha alipokuwa.

"Umeniletea mpya, huu mgumu."

"Ni uleule wenu, Babu."

Akavuta tena mpaka jasho likamtoka. Kinyozi, mtani wake wa siku zote, akadakia: "Fundi, nguzo haina huruma kama mama watoto! Yule kila ukivuta alikuwa anakusogelea. Sote tulikuwa tunaona."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi mwenyewe akainamisha kichwa.

Fundi alibaki na mpira mkononi, akitazama sakafu pale mkewe alipozoea kusimama. Siku zote hizo macho yake yalikuwa kwenye mkono wake tu. Miguu ya mwenzake hakuwahi kuiangalia.

"Baba," binti akaita.

"Nimeona, mama. Nitayarishie chumba."

Siku hizi anaishi kwa binti yake, ambaye humfungia kamba za raba kabla ya kwenda kazini. Mazoezini bado anakwenda. Kocha humfungia mpira kwenye nguzo ileile.