Mapigo Yaliyotulia

…toa, alisema muuguzi, akiushusha mkono wake polepole kama mtu anayetandika shuka, toa, usikimbie, moja, mbili, tatu, nne, tano, naye akatoa, amelala chali kwenye kitanda chembamba, waya zimebandikwa kifuani kwa gundi baridi, macho yake darini penye doa la mvua ya zamani, na kando ya sikio lake la kushoto kile kidude kikilia ti, ti, ti, ti, kama kifaranga aliyefunikwa na kikapu, na alikuwa ameshaanza kuhesabu milio yake, hakukusudia, ila miaka thelathini na minne ya ukunga hailiachi sikio likae bure, nane, vuta tena, mama, moja, mbili, tatu, nne, tano, nane, toa, nane… ngoja, alijiambia, umekosea, umezoea mapigo ya watoto, ya mtu mzima yanataka subira, hesabu upya, vuta, nane, toa, nane, na kitu ndani yake kikakaa chini bila kukaribishwa, maana alijua, kabla daktari hajarudi alijua, kwamba mtu anapovuta pumzi moyo hutakiwa kukimbia kidogo na anapotoa hutakiwa kutembea, daktari mwenyewe alimweleza asubuhi hii huku akichora mawimbi nyuma ya bahasha, mama, sukari ikikaa juu miaka mingi hutafuna mishipa ya fahamu, na si ya miguu tu, hata ile inayouambia moyo harakisha, punguza, ndiyo maana ukisimama unaona giza, ndiyo maana moyo wako unaweza kuumia bila kukuuma, na hilo ndilo linaloninyima raha, kwa hiyo nakubadilishia dawa ya presha, sukari tunaishusha taratibu, si kwa pupa, utavaa soksi za kubana, utatembea kila siku, na kitandani huamki kama mwanajeshi, unakaa kwanza ukingoni, unahesabu mpaka sitini, halafu ndipo unasimama, na nyumbani lazima awepo mtu anayejua kwamba kwako wewe jasho la ghafla tu, pumzi kukatika tu, ni sababu ya kukimbilia hospitali, nyumbani unakaa na nani, na yeye akajibu upesi, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali alilolikariri, na binti yangu.

Na binti yangu, vuta, mama, unanisikia, nakusikia, lakini hakusema, aliambiwa asiseme mpaka kipimo kiishe, na juu ya meza ndogo ile fomu ilikuwa inamngoja, mstari wa mwisho mtupu, namba ya simu ya ndugu wa karibu, utanitajia tukimaliza, muuguzi alisema, nimpigie nimweleze mwenyewe hayo mambo ya jasho, maana nyinyi mnaojua kazi yetu ndio wagonjwa wabishi, mganga hajigangi, wakacheka wote wawili, alicheka naye, angefanyaje… binti gani, nyumba ina vikombe viwili vinavyoning'inia kwenye misumari na kimoja kimefanya utando wa vumbi, nyumba ina redio anayoizima kwa adabu, haya, tutaonana kesho, ina kiti cha pili cha kuwekea nguo zilizopigwa pasi, na ile Jumanne alipoinuka kutoka kwenye kigoda cha jikoni, kisu mkononi na maganda mapajani, giza lilimwingia kutoka pembeni mwa macho, na alipofumbua alikuwa sakafuni, shavu kwenye saruji, birika limekauka na kuanza kunuka moto, mgongo umelowa jasho kama aliyemwagiwa ndoo, na hapakuuma popote, hilo ndilo lililomdanganya, hapakuuma, na jirani akagonga ukuta, mama mkubwa, kuna nini huko, naye kutoka palepale sakafuni akajibu kwa sauti ya mtu aliyesimama, hakuna kitu mwanangu, nimeangusha sufuria, eti nimeangusha sufuria, halafu akaanza kuokota maganda moja moja, kwa sababu mtu akianguka peke yake hakuna wa kumwambia pole, na pole ya kujipa mwenyewe haishiki.

Toa… nane. Yametulia kweli mapigo yako, mama, alisema muuguzi, akikitazama kioo cha kidude, yametulia kama saa, na aliisema kwa ulaini, kwa tabasamu la upande mmoja tu, wa kulia, na hapo ndipo alipogeuza macho kutoka darini akamtazama, kwa sababu sauti ile aliijua, aliijua kama mtu anavyoijua kanga yake kwenye kamba ya jirani, ilikuwa sauti yake mwenyewe, msichana huyu anajua, anahesabu kama ninavyohesabu, na ananifunika, yametulia, mwanangu, yametulia kabisa, pumzika… la, si sasa, vuta, nane, si hapa, lakini kumbukumbu ilikuwa imeshafika, huwa haibishi hodi, kile chumba cha kuzalia chenye pazia la kijani lililokosa pete mbili, binti yake juu ya kitanda, nywele zimemganda usoni, na yeye ameinama, ile pembe ya mti ya kusikilizia moyo wa mtoto, mdomo mmoja kwenye tumbo na mdomo mwingine kwenye sikio lake, sikio lililompa jina, wodi nzima walimwita Sikio, mwiteni Sikio, Sikio atakwambia mtoto ameamkaje, Sikio anasikia mpaka mtoto akipiga miayo, na walikuwa hawatanii sana, maana mtoto mzima tumboni moyo wake hauendi sawasawa, unapanda akicheza, unashuka akisinzia, ukihesabu sekunde tano tano unapata kumi na mbili, kumi na moja, kumi na tatu, kumi na mbili, ni kama anakusimulia kitu, na siku ile alihesabu kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili, hakuna hadithi, mstari tu, na binti yake akauliza, mama, vipi, na laiti angekuwa mwanamke mwingine yeyote kwenye kitanda kile angeshaita daktari kabla hajainua kichwa, wangapi aliwapeleka chumba cha upasuaji wakikimbiza machela kwa mstari kama ule, lakini huyu aliuliza mama, hakuuliza mkunga, na aliyejibu alikuwa mama.

Yametulia, mwanangu. Akamlaza ubavu wa kushoto, akampa maji ya sukari, labda amelala mtoto, atazinduka, watoto hulala, na akasikiliza tena, kumi na mbili, na tena, nusu saa nzima alisikiliza akitaka kukosea, hakuna siku aliyotaka kukosea kama siku ile, mkunga wa miaka yote hiyo akiliomba sikio lake lidanganye, na alipotoka kwenda kumwita daktari alitembea, hakukimbia, asije akamtisha, na mjukuu alizaliwa mzuri, mwenye kucha ndefu, kimya… toa, mama, toa yote, na binti alikaa wiki tatu bila kumtazama na siku ya kuondoka alisimama mlangoni, begi begani, akasema bila hasira, bora angekuwa na hasira, masikio yako yalisikia watoto wa watu wote, mama, wangu tu ndiye hukumsikia, na yeye akaiacha hivyo, miaka sita ameiacha hivyo, kwa sababu kutosikia ni bahati mbaya na bahati mbaya husamehewa, lakini nilisikia, nilisikia mwanangu, nilisikia mara ya kwanza tu… nane, vuta, nane, na binti huandika kila mwaka unapoisha, mama, hujambo, na yeye hujibu, sijambo, na jioni nyingine huchukua simu na kubonyeza namba ile iliyokaa kichwani mwake, tarakimu zote isipokuwa ya mwisho, kidole kinasimama juu ya ile ya mwisho, kisha anafuta, anaweka simu kwenye kiti cha nguo.

Na sasa ti, ti, ti, ti, amelala yeye na kusikilizwa, na anayesikiliza anamwambia yametulia, na ajabu ni kwamba hakufarijika, akashangaa alivyokuwa peke yake ndani ya neno lile, ukiambiwa yametulia na mtu anayejua unaachwa huko gizani na mlango unarudishwa taratibu usipige kelele, kumbe ndiko nilikomwacha, miaka yote nimedhani nilimkinga dakika thelathini, kumbe nilimwacha humo peke yake na mwanawe, nami nimesimama palepale kando ya kitanda nimemshika mkono… na machozi yakamtoka kuelekea masikioni, ya moto, na moyo haukujali, hata hilo haukulisikia, nane, binti yangu huko aliko naye anadhani mama yake ana moyo wa jiwe, na leo ukimwonyesha karatasi ya kipimo hiki ataona mstari, mama, umebana pumzi, alisema muuguzi, na safari hii hakutabasamu, akamfuta shavu kwa mgongo wa kidole, umebana pumzi na kipimo kimeharibika, nisamehe, inabidi turudie tangu mwanzo, dakika moja tu, uko tayari, akaitikia kwa kichwa kwamba yuko tayari, na mkono ukainuliwa tena mbele ya doa la darini, vuta, moja, mbili, tatu, nne, tano, nane, na chini ya ile nane akaanza kuyapanga maneno yake, kwanza nitasema naishi peke yangu, nilikudanganya, halafu nitasema usimpigie wewe, nipe mimi simu, na akipokea sitaanza na kuumwa, sitaanza na hujambo, nitaanza na nilisikia, toa, mama, taratibu, akatoa, na tarakimu zikaja moja moja kwa mwendo wa pumzi, sifuri, saba, zote, mpaka ile ambayo kidole chake kilikuwa hakijawahi kuigusa, nne.